Ufizi wa mtoto hupona wenyewe usipochokolewa

MTOTO anapong'olewa jino, kinachowatia wazazi hofu si jino lililotoka bali pengo lililobaki. Damu, uvimbe na utando mweupe huwafanya baadhi yao kutia dawa za kila aina kwenye kidonda, ilhali ufizi wa mtoto ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazopona upesi sana, mradi usichokolewe.

Suala hili lina uzito katika maeneo kama Matisi, jina la mtaa ulio kandokando ya mji wa Kitale, Kaunti ya Trans Nzoia, na vilevile la eneo jingine upande wa Webuye, Kaunti ya Bungoma. Mtoto aliyeng'olewa jino kwa kawaida hurejeshwa nyumbani siku iyo hiyo, na uangalizi wa siku zinazofuata humwangukia mzazi.

Mara tu jino linapotoka, pengo hujaa damu ambayo huganda na kuwa donge. Donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa na ndilo msingi wa nyama mpya. Ndiyo maana mtoto hupewa kitambaa cha shashi akiume kwa dakika 20 hadi 30. Mate yenye wekundu siku ya kwanza si jambo la kutisha.

Kati ya siku ya pili na ya nne, utando mweupe au wa manjano hutanda juu ya kidonda. Wengi huudhania kuwa usaha na kuupangusa kwa pamba au kidole. La hasha! Huo ni utando wa uponyaji, na kuuondoa ni kuanzisha kidonda upya. Kwa kawaida ufizi hujifunga katika muda wa wiki moja hadi tatu, ingawa mfupa ulio chini yake huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa.

Kuna jeraha jingine linalowababaisha wazazi. Ganzi huchukua saa mbili hadi nne kuisha, na katika muda huo mtoto huweza kuutafuna mdomo wake bila kuhisi maumivu. Kesho yake mdomo huvimba na kuwa na kidonda cheupe. Hilo hutokana na meno yake mwenyewe, wala si ishara kwamba daktari alikosea. Dawa yake ni kinga: mtoto asile hadi ganzi iishe, na asiachwe bila mtu wa kumwangalia.

Katika saa 24 za kwanza mtoto asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, wala asinywe kwa mrija. Ale vyakula laini visivyo moto, kama vile uji uliopoa, viazi vilivyopondwa na maziwa. Miwa, njugu na mahindi ya kuchoma visubiri siku kadhaa. Kuanzia siku ya pili, mtoto anayeweza kusukutua bila kumeza atumie maji vuguvugu yenye chumvi kidogo baada ya kula. Meno mengine yaendelee kupigwa mswaki.

Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli kulingana na uzito wa mtoto. Asipewe aspirini, kwani inaweza kuwaletea watoto madhara makubwa ya ini na ubongo. Tumbaku, majivu, mafuta ya taa na unga wa mitishamba visitiwe kwenye pengo.

Mtoto arejeshwe hospitalini haraka iwapo damu haikomi licha ya kukandamizwa kwa nusu saa, homa inapanda, uvimbe unazidi baada ya siku ya tatu, usaha unatoka, au anakataa kunywa. Uvimbe unaofika jichoni au shingoni, au unaomzuia kupumua, ni dharura. Kwa mtoto mwenye utapiamlo au aliyeugua surua karibuni, kidonda cha ufizi kinachonuka na kupanuka kisipuuzwe hata siku moja. Huenda kikawa noma, maradhi yanayokula uso, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mnamo Desemba 2023.

Hata hivyo, jeraha la ufizi lililo hatari zaidi halitokei kwa daktari. Katika Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Sudan, kumeripotiwa desturi ya kuwachokoa watoto wachanga ufizi ili kuondoa yanayoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, yanayodaiwa kuleta homa na kuharisha. Vifaa vinavyotumiwa ni kama waya wa gurudumu la baiskeli, msumari au kisu.

Kinachoonekana kama jino bovu au funza ni chonge changa la utotoni, ambalo lingejitokeza lenyewe mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 16 na 23. Kidonda hicho huweza kuleta upungufu wa damu, pepopunda, sumu katika damu na hata kifo. Ufizi ukipona, hasara hubaki: jino la kudumu lililokuwa likichipuka karibu huenda likaota likiwa na kasoro, au lisiote kabisa.

Mtoto anayeharisha anahitaji kunyonya zaidi, dawa ya unga ya kurejesha maji mwilini, zinki kwa siku 10 hadi 14, na kupimwa na mhudumu wa afya. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kupata huduma za afya na kulindwa dhidi ya mila zenye madhara. Haki hiyo inamhusu pia mtoto ambaye bado hajaota jino hata moja.