Kamusi Iliyofanywa na Wasomaji Wake

Mkono mmoja haulei mwana. Wazee walisema hivyo juu ya watoto, lakini ni kweli pia juu ya vitabu. Viko vitabu vikubwa ambavyo watu hutaja jina la bwana mmoja tu, kumbe waliovifanya ni wengi mno. Leo, ndugu wasomaji, twapenda kuwaeleza habari ya kitabu kimoja cha namna hiyo, yaani kamusi kubwa ya Kiingereza iliyopigwa chapa Oxford. Tutazame wale waliosaidia bure walipata nini, na walinyimwa nini.

Kazi hiyo ilianza mwaka 1857. Chama cha wataalamu wa lugha katika mji wa London kiliona kwamba kamusi za wakati ule zina upungufu mwingi. Wakakusudia kufanya nyingine, yenye kuonyesha kila neno lilianza lini, na waandishi wamelitumiaje toka zamani. Lakini nani aweza kusoma vitabu vyote vya lugha nzima? Basi wakawaomba watu wa kawaida wasaidie. Kila mmoja asome vitabu alivyo navyo. Akikuta neno la kufaa, aandike juu ya kikaratasi neno lenyewe, mwaka, jina la mwandishi, jina la kitabu, ukurasa na sentensi nzima. Kisha akipeleke kwa posta. Hivi wale waliongoja kuisoma kamusi ndio walioifanya.

Vikaratasi vilikuja vingi, lakini havikutunzwa vizuri. Mkubwa wa kwanza wa kazi, Herbert Coleridge, alikufa mwaka 1861. Aliyemfuata, Frederick Furnivall, alikuwa na shughuli nyingi nyingine. Mwaka 1879 kazi ilipewa James Murray, mwalimu wa shule, mtu wa Uskoti. Akaletewa mzigo wa tani mbili hivi. Ndani ya gunia moja mlikuwa panya aliyekufa, na ndani ya jingine panya mzima pamoja na watoto wake. Vikaratasi vya herufi H vilionekana Florence, katika Italia. Vingine vya herufi P vilikuwa Ireland, na sehemu yake vilikwisha tumiwa kwa kuwasha moto.

Tufikiri kidogo. Mtu ameketi usiku mbele ya taa, amesoma, amenakili, amelipa posta kwa fedha yake mwenyewe; na kazi yake imewasha moto wa mwingine! Kupokea zawadi na kutoitunza ni namna ya kwanza ya kumdharau aliyeitoa.

Bwana Murray alifanya kwa njia nyingine. Alijenga banda la mabati penye shule yake, akaweka ndani visanduku 1,029 vya kupangia vikaratasi. Mwaka ule ule wa 1879 alipiga chapa barua ya kuwaomba wasomaji elfu moja wasaidie kwa miaka mitatu. Wakajibu kutoka Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi. Na tazameni jambo hili: aliandika katika madaftari yake jina la kila msaidizi, mahali anapokaa, vitabu alivyosoma, na hesabu ya vikaratasi alivyoleta. Aliwahesabia kama vile mtunza fedha mwaminifu ahesabiavyo mali ya watu.

Kitabu cha kwanza kilipokamilika mwaka 1888, katika dibaji aliwataja kwa majina na kwa hesabu zao. Thomas Austin alileta vikaratasi 165,000. Bwana Helwich wa Vienna, 50,000. Mchungaji Pierson wa Michigan, 46,000. Bibi Edith Thompson na dada yake, 15,000. Murray hakuuliza kwanza cheo cha mtu. Mmoja wa wasaidizi wake wakubwa, daktari W. C. Minor, alikuwa amefungwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa sababu aliua mtu London mwaka 1872. Jina lake pia liliandikwa kwa heshima. Kosa lake halikufuta kazi yake njema.

Lakini labda mtasema: jina halishibishi. Ni kweli. Waliofanya kazi pamoja na Murray kila siku walipata mshahara, na hata watoto wake waliopanga vikaratasi walipewa senti zao. Wasomaji wa mbali hawakupata kitu. Ila walijua tangu mwanzo, hakuna aliyewadanganya. Fitzedward Hall, Mmarekani aliyekaa Uingereza, alisahihisha kurasa za kamusi muda wa saa nne kila siku, karibu miaka ishirini, bila malipo. Deni la namna hii ni vigumu kulilipa kwa fedha. Angalau lisisahauliwe.

Murray alikufa mwaka 1915. Kamusi ilikwisha mwaka 1928, yenye maneno 414,825 na mifano zaidi ya milioni moja na laki nane. Tarehe 6 Juni mwaka huo ilifanywa karamu kubwa katika London, naye waziri mkuu Stanley Baldwin alitoa hotuba. Wanaume karibu 150 waliketi mezani. Wanawake hawakukubaliwa kuketi. Bibi Edith Thompson, aliyesaidia tangu siku za ujana wake, alikuwa juu ghorofani pamoja na Rosfrith Murray na Eleanor Bradley, mabinti wa wahariri, waliofanya kazi ya kamusi miaka mingi. Walitazama wengine wakila. Jina la Edith lilikuwa katika kitabu, lakini kiti chake hakikuwako.

Madaftari ya Murray yalibaki yamehifadhiwa Oxford. Mwaka 2023 Sarah Ogilvie alitoa kitabu juu ya wasaidizi wapata elfu tatu walioandikwa humo, wengi wao wasiojulikana tena na mtu. Kama Murray asingaliandika, nani angaliwakumbuka?

Sisi nasi twakusanya methali za wazee, twatunga nyimbo pamoja, twaandika historia za vijiji vyetu kwa vinywa vya watu. Anayekusanya asijifanye mwenye yote. Aandike majina siku ile ile, maana kumbukumbu yapotea upesi. Fedha ikipatikana, awagawie waliotoa jasho. Na siku ya karamu asimwache ghorofani yule aliyesaidia kuipika.