Kunong'ona kwa Inanga: Historia Fupi ya Kikuza Sauti cha Nyumbani

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: kupaza na kukuza. Mtu hupaza sauti ili asikike mbali; hukuza kilicho kidogo ili kionekane au kisikike bila kupoteza umbo lake. Chombo ambacho mafundi wa Bujumbura hukiita amplifaya, na ambacho vitabu hukiita kikuza sauti, kimepewa jina kutokana na kitenzi cha pili. Hata hivyo, mnunuzi aingiapo dukani huuliza swali la kitenzi cha kwanza: chombo hiki kina nguvu kiasi gani? Katika makala haya nakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba swali hilo si baya, ila halistahili kuwa la kwanza.

Hapo mwanzo hapakuwa na swali lolote. Gramafoni aliyoivumbua Emile Berliner mwaka 1887 haikuhitaji umeme ili isikike. Sindano ilitetemeka katika mfuo wa santuri, kiwambo kikatetemeka nayo, na pembe ikaitoa sauti nje. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na watu wa pwani walizisikiliza kwa mashine za kuzungushwa kwa mkono. Aliyetaka kusikia vizuri zaidi alisogeza kiti karibu.

Umeme ulibadili mambo. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani alibuni taa ya kioo ambayo ndani yake umeme mdogo uliweza kuongoza umeme mkubwa. Hiyo ndiyo siri ya kikuza sauti hata leo: sauti ndogo huwa kama kalibu, na umeme mkubwa hufinyangwa kwa mfano wake. Lakini kila nakala yaweza kupotoka. Mwaka 1947 mhandisi D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza mchoro wa kikuza sauti chenye nguvu ya wati 15 tu. Sifa yake kuu ilikuwa unyofu: sehemu ya sauti iliyotoka ilirudishwa mwanzoni, ili chombo kijisahihishe chenyewe.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, yenye kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Vichwa vyepesi vya sindano vilivyofuata vilitoa umeme dhaifu mno, hivyo zikahitajika hatua mbili: moja ya kuiandaa sauti hiyo dhaifu, nyingine ya kuipa nguvu ya kusukuma spika. Wengi walizitenga hatua hizo katika masanduku mawili. Santuri za stirio zilipoenea sokoni mwaka 1958, kila hatua ilihitajika mara mbili, upande wa kulia na wa kushoto. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, ilikuwa ndogo na haikuwaka moto kama taa. Ikarahisisha kuviweka vyote katika sanduku moja. Ndicho kikuza sauti tukionacho madukani.

Sasa turejee nyumbani. Tarehe 28 Novemba 1966 ufalme wa Burundi ulikomeshwa. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya ufalme. Mwalimu wa Kiswahili atamtambua mara moja ndugu wa neno letu. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hii, nao ukatolewa kwa santuri na Ocora ya Ufaransa. Ngoma hizo zilifika mbali. Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake "The Jungle Line" mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanamuziki wa Uingereza waliyaiga mapigo ya Burundi. Kwa wasikilizaji wengi wa ng'ambo, Burundi ikawa ni kishindo.

Kumbe santuri ileile ilibeba pia inanga. Hii ni ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama sinia. Mpigaji wake hunong'ona. Mnong'ono hauna tuni. Tuni hutoka katika nyuzi, na sikio huviunganisha viwili hivyo, likadhani mtu anaimba. Mtaalamu Cornelia Fales aliandika juu ya ajabu hiyo mwaka 2002.

Mwaka juzi walimu wachache, nami nikiwamo, tulichangishana fedha ili tununue kikuza sauti cha chumba chetu cha kusomea. Tulipata viwili vya kujaribu: kipya, chenye taa za rangi na maandishi ya wati 100; na kikuukuu cha wati 30. Mwenzetu mmoja alikitetea kile kipya, akisema kitatufaa katika harusi na mahafali. Hoja yake ilikuwa na uzito. Tukamwita fundi mmoja wa Buyenzi.

Fundi hakuweka santuri yoyote. Alipandisha sauti, akatuambia tutege sikio kwenye spika. Kile kipya kilivuma kama mzinga wa nyuki, kikuukuu kilinyamaza. Kisha tukaweka inanga. Katika kile cha kwanza tulisikia nyuzi tu, mnong'ono ukazama ndani ya uvumi. Katika cha pili yalikuja maneno, hata pumzi ya msimulizi. Mwenzetu aliyekulia milimani akaanza kuyafasiri kwa Kiswahili, na sisi wengine tukashika kalamu.

Hesabu nayo ilimuunga mkono fundi. Kuongeza nguvu maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu; ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, nguvu huhitaji kuzidishwa mara 10 hivi. Kwa hiyo wati 100 zilizidi wati 30 kwa desibeli 5 tu.

Basi, walimu wenzangu, anayechagua na apime kwanza ukimya wa chombo. Pili, atazame kama omu za spika zake zinakubaliana nacho. Tatu, anunue kidhibiti umeme, kwani umeme unaopanda na kushuka huua vyombo vizuri na vibaya sawasawa. Wati zije mwisho. Sisi tulichukua kikuukuu, na siku ya mahafali hukodi spika kubwa. Daftari la maneno ya inanga sasa lina kurasa 11, nasi tunalitumia darasani katika zoezi la tafsiri.