Nani Aingie? Historia Fupi ya Majukwaa ya Urafiki wa Wanafunzi, kwa Macho ya Gisenyi

Wenzangu kadhaa hapa Gisenyi wanajenga jukwaa la mtandaoni la kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo wasiofahamiana. Wao wanasoma kompyuta, mimi nasoma historia, na waliponishirikisha walikuwa wamekwama kwenye swali moja: nani aruhusiwe kujiandikisha? Katika insha hii nadai kwamba swali hilo ndilo lililoamua sura ya majukwaa ya namna hii tangu mwanzo, na kwamba mji wetu wa mpakani una la kusema juu yake.

Tuanze kabla ya intaneti. Wasikilizaji wa redio nchini Kenya na Tanzania walizoea kununua kadi za salamu, wakaandika majina ya ndugu na marafiki, kisha wakazituma kituoni ili mtangazaji azisome. Watu ambao hawajawahi kuonana wakafahamiana kwa majina. Baadhi yao waliunda vyama vya wasalimiaji, wakatembeleana na kuchangiana katika harusi na misiba. Magazeti nayo yalikuwa na safu za marafiki wa kalamu: jina, umri, sanduku la posta na mambo anayoyapenda mtu. Mlango huo ulikuwa wazi kwa kila mwenye redio au stempu. Imani ilijengwa polepole, kwa sababu barua ilichukua siku nyingi na msalimiaji alijulikana kwa kurudia kusikika.

Mtandao ulianza kwa njia tofauti. Tarehe 4 Februari 2004, Mark Zuckerberg na wenzake walizindua Facebook katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliyetaka kuingia alihitaji baruapepe ya chuo hicho. Baadaye vikaongezwa Columbia, Stanford na Yale, na kufikia mwisho wa mwaka huo watumiaji walikuwa milioni moja. Kwa maoni yangu, wembamba wa mlango ulichangia sana mafanikio hayo. Mwanafunzi alitumia jina lake halisi kwa kuwa kesho yake angekutana na wasomaji wake kwenye foleni ya chakula. Septemba 2006 mlango ulifunguliwa kwa kila mtu mwenye umri wa kuanzia miaka 13. Mtandao ukapata dunia nzima, lakini haukuwa tena mahali pa wanafunzi.

Barani Afrika kizuizi kilikuwa kingine. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walianzisha 2go. Mwanzoni ilikusudiwa kuwasaidia wanafunzi kuonyeshana ratiba za masomo, kisha ikageuka kuwa huduma ya ujumbe na vyumba vya mazungumzo. Kwa kuwa ilifanya kazi kwenye simu za bei nafuu, ilienea hadi Nigeria na kwingineko. Hapo tunajifunza kwamba hata bei ya simu ni mlango, na mara nyingi ni mwembamba kuliko baruapepe ya chuo.

Sasa turudi Gisenyi. Tarehe 20 Septemba 1976, Rwanda, Burundi na Zaire zilitia saini hapa mkataba wa kuunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawa mjini humu. Miongoni mwa malengo yake ni kurahisisha watu na bidhaa kuvuka mipaka. Vita vya miaka ya 1990 viliilaza, ikafufuliwa mwaka 2007. Maelfu ya watu wamezoea kuvuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi kupitia Petite Barrière, wanafunzi wakiwamo, wakizungumza Kiswahili pande zote mbili. Hata hivyo, Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na Januari 2025 mapigano yakaingia Goma; mara zote mbili watu walikimbilia Rubavu. Siku kama hizo, mwenye rafiki ng'ambo ana mahali pa kubisha hodi. Kwetu, basi, urafiki wa wanafunzi si jambo la burudani tu.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaotaka baruapepe ya chuo iwe sharti. Sharti hilo litawaacha nje wanafunzi ambao vyuo vyao havitoi anwani hizo, na wengi wa Goma wanaweza kuwa miongoni mwao. Lakini sikubaliani pia na wanaotaka mlango uwe wazi kabisa, kwani matapeli na wasumbufu wa wasichana wataingia wa kwanza. Wengine wamependekeza udhamini: mwanachama amdhamini mwenzake, kama walivyofanya watu wa vyama. Pendekezo hilo lina kasoro moja kubwa. Asiye na rafiki hana wa kumdhamini, na huyo ndiye jukwaa linajengwa kwa ajili yake.

Nashauri mlinda mlango awe kiongozi wa darasa, ambaye wenzetu wa Goma humwita CP. Yeye anawajua wanafunzi wa darasa lake kwa sura, hata yule mkimya anayekaa peke yake nyuma, na anaweza kuthibitisha jina la mtu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, bila baruapepe wala simu ya kisasa. Anapatikana pande zote mbili za mpaka. Zaidi ya hayo, akithibitisha mtu wa uongo, darasa zima linajua pa kumpata. Ningefurahi kusikia wasomaji wa vyuo vingine wakiupima ushauri huu, hasa wale ambao darasa lao lina watu mia tatu na kiongozi mmoja.