Maghala ya Kabambare na Hatari ya Hazina Moja

Msafiri wa karne ya 19 aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, akashuka Mtowa na kuelekea magharibi katika nchi ya Manyema, alipita Kabambare kabla ya kuingia Kasongo, na kutoka Kasongo akafika Nyangwe ukingoni mwa mto Lualaba. Na katika miji hiyo mitatu, iliyoachana kwa mwendo wa siku kadhaa, wafanyabiashara wa pwani pamoja na Waungwana waliowafuata walikuwa wameweka akiba iliyohesabiwa kuwa mali moja. Pembe za ndovu, zilizopatikana mara nyingine kwa kununuliwa na aghalabu kwa mabavu na damu ya wenyeji, zililimbikizwa Nyangwe na Kasongo, zikasafirishwa kwa njia ya Kabambare mabegani mwa wapagazi ambao wengi wao hawakujitolea, na hesabu yake ikafungwa Unguja, alikokaa Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyemkopesha mali mfanyabiashara mkubwa wa pembe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Mpango huo haukuwa wa kipumbavu hata kidogo. Ghala likijaa, jingine lilifunguliwa mbele bila ya kulivunja la kwanza. Nchi ikikauka pembe, shehena ilihamishwa ilhali biashara inaendelea. Na yule mdai wa Unguja hakuhitaji kujua ni pembe ipi iliyolala Kasongo na ni ipi iliyolala Kabambare, madhali jumla yake ilikuwa imeandikwa daftarini.

Mafundi wa kompyuta wa zama zetu wameifuata hikima iyo hiyo. Wanayo programu inayozikusanya diski kadhaa, kubwa kwa ndogo, zikawa hazina moja, kisha ikaikata hazina hiyo mafungu kwa kadiri ya haja, hata mwenye faili asijue zimelala katika diski ipi; na kwa mfumo wa Linux programu ya namna hiyo iliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Manufaa yake ni ya kweli: fungu hupanuliwa bila ya kuizima mashine, na diski iliyoanza kuugua huweza kuhamishwa mali yake kabla haijafa. Lakini fungu likitandazwa juu ya diski nne bila ya kila kipande kuwa na pacha wake mahali pengine, kufa kwa diski moja huweza kulifanya fungu zima lisisomeke, na zile tatu zilizosalia hubaki na vipande visivyo na maana. Hivyo kila diski inayoongezwa huongeza nafasi, na papo hapo huongeza mlango wa kuingilia msiba. Hata ile picha ya hali ya faili ambayo programu huweza kuipiga kwa dakika moja, ikiwa imewekwa ndani ya hazina ile ile, hupotea pamoja nayo.

Yaliyowapata watu wa Kasongo yanalieleza jambo hilo kwa uchungu. Upande wa mto Lomami pembe zilikusanywa na Ngongo Lutete kwa niaba ya Tippu Tip na mwanawe Sefu. Naye alipowageukia maofisa wa Dola Huru ya Kongo mwaka 1892, kiungo kimoja kilikatika na miji yote ikabaki wazi. Nyangwe ilitekwa Machi 1893. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, mbele ya jeshi la Francis Dhanis, na daktari wake Sidney Hinde akasimulia wingi wa mali waliyoikuta humo: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, sukari, mishumaa, vyombo vya fedha na bilauri. Ndimo yalimoonekana pia madaftari ya msafiri Emin Pasha, aliyeuawa Oktoba 1892. Maandishi ya mtu mwingine kabisa, yaliyokuwa yameingizwa katika hazina hiyo kama ngawira. Kabambare ilidumu hadi Januari 1894, chini ya mfanyabiashara mwenzao Rumaliza, lakini ghala lililobaki peke yake njiani, bila ya Kasongo mbele yake, halikuwa tena na cha kupitisha. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha rejea Unguja tangu 1891, na mashamba na nyumba alizokuwa nazo huko hazikuguswa na vita. Akafa humo mwaka 1905. Naona kuwa kilichomsalimisha ni mali iliyowekwa mbali na mtungo ule, wala si wingi wa maghala.

Kabambare hiyo hiyo ilikuwa imekwisha shuhudia namna nyingine ya kuhifadhi. Msafiri Mwingereza David Livingstone alilazwa hapo kwa vidonda vya miguu, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, na karatasi zilipomwishia katika safari yake ya Manyema akaandika juu ya magazeti makuukuu, akiyakata machapa kwa mistari yake mwenyewe, na wino akaukamua katika matunda ya mti. Hakuuamini wino huo. Baadaye aliyanakili maneno yake, pamoja na habari za mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, katika daftari kubwa, na daftari hilo akampa mwandishi wa habari Stanley, huyu alipoondoka Machi 1872. Wino wa matunda ulififia kweli, hata magazeti yale yakawa hayasomeki, na kwa miaka mingi dunia ilitegemea nakala. Mpaka mwaka 2011, wataalamu walipotoa picha zilizopigwa kwa mianga ya rangi mbalimbali, asili ikasomeka tena, ikalinganishwa na nakala, na ikabainika kuwa Livingstone, alipokuwa akinakili, aliyabadili baadhi ya maneno aliyoyaandika kwanza juu ya mwenendo wa watu wake mwenyewe.