Picha Zilizofungwa Hewani

Tanzania Bara iliingia katika zama za televisheni ikiwa imechelewa kwa hiari yake, kwani ilhali Unguja ilikuwa na kituo chake cha picha za rangi tangu mwaka 1973, serikali ya ng'ambo ya pili ya mkondo ilikihesabu chombo hicho kuwa anasa isiyoilaiki nchi yenye haja nyingi. Na mpaka vituo vya watu binafsi, ITV miongoni mwao, vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, mkazi wa Shinyanga au Geita aliyekuwa na televisheni aghalabu hakuwa na kimbilio ila kanda za video. Kwa hiyo nchi hii ya almasi na dhahabu ilizikosa picha muda mrefu pasipo mtu yeyote kuzificha, kwa kuwa umbali peke yake ulitosha kuwa kizuizi.

Kwingineko duniani, ilimlazimu mwenye kituo ambaye picha zake zilifika kila paa kubuni hila ya kumzuia asiyelipa. Kampuni ya Zenith iliijaribu biashara hiyo Chicago mwaka 1951 kwa familia 300, ambazo zililetewa filamu zilizovurugwa, na ishara ya kuzinyoosha ikapitishwa katika waya wa simu kwa ujira wa dola moja kwa kila filamu.

Ili kuifahamu hila hiyo yafaa kujua kwamba picha ya televisheni ya zamani ilisukwa mithili ya mkeka, kwa mistari 625 mmoja chini ya mwingine, picha 25 kwa kila sekunde, na kila mstari ukatanguliwa na ishara fupi ya kuiamuru televisheni ianze upya ukingoni. Aliyetaka kuficha aliweza kuidhoofisha ishara hiyo, nyuso za watu zikapinda na kuyumba, au aliweza kuichezea mistari yenyewe. Canal+ ya Ufaransa, iliyoanza tarehe 4 Novemba 1984, ilifuata njia ya pili: mstari mmoja uliachwa mahali pake, wa pili ukacheleweshwa kwa takriban sehemu tisa katika kumi za mikrosekunde, mwingine kwa mara mbili ya kiasi hicho, bila mpango ulio dhahiri kwa macho, na sauti nayo ikapinduliwa, nzito ikawa nyembamba na nyembamba ikawa nzito. Mpango ule ulitawaliwa na ufunguo ambao michanganyiko yake ilikuwa kama 2,000 tu. Basi haukupita mwezi mzima kabla ya jarida la Radio Plans, katika toleo la Desemba, kuchapisha mchoro wa kifaa cha kufumbua ambacho fundi mwenye subira angeweza kukiunda mezani kwake. Waliofuata wakazidisha ukali: katika mfumo wa VideoCrypt, uliotumiwa na Sky ya Uingereza, kila mstari ulikatwa katika mojawapo ya nukta 256, vipande viwili vikabadilishana mahali, na siri ya nukta hizo ikategemea kadi iliyochomekwa katika king'amuzi.

Afrika Mashariki iliikaribia biashara hii, kisha ikageuka. KTN ya Nairobi, iliyozaliwa mwaka 1990, ilikusudiwa mwanzoni kuwa kituo cha kulipia, lakini wenyewe wakaamua kuacha mawimbi yao wazi na kuishi kwa matangazo ya biashara. Nami naona uamuzi huo uliwafaa watazamaji kuliko sheria nyingi zilizoandikwa baadaye. Vituo vya Tanzania Bara navyo vilirusha picha wazi, kwa hiyo katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, huko Geita, mpinzani hakuwa ufunguo bali chenga: mlingoti mrefu ulisimamishwa nyuma ya kibanda, kijana mmoja akaugeuza huku mwenzake, akiwa ndani mbele ya kioo, akimpigia kelele, "Rudisha kidogo! Hapo hapo!", na wachimbaji waliotoka mashimoni na vumbi lao wakalipa kiingilio cha kibanda umiza ili watazame mpira kwa umeme wa jenereta.

Kufungwa kwa kweli kulikuja na dijitali. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza tarehe 28 Februari 2013, kisha miji mingine ikafuata. Na televisheni zile zile za zamani zikaunganishwa na king'amuzi kwa waya tatu, njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti, hata mistari 625 ikaendelea kuchorwa kiooni ilhali hewani haikuwapo tena. Mtu ambaye jana antena ilimtosha, leo alihitaji kununua kisanduku hata kwa chaneli isiyotozwa ada, na sioni jambo hilo kuwa dogo kwa mtu ambaye riziki yake hutegemea kifusi cha siku hiyo.

Ugomvi ukazuka juu ya nani abebe chaneli hizo za bure. Mwezi Agosti 2018 kampuni za ving'amuzi vya kulipia, DStv na Azam miongoni mwao, zililazimika kuziondoa chaneli za nyumbani, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Na mwenye ungo wa kampuni hizo katika kijiji kilicho mbali na mnara wa dijitali, ambaye alikwisha kulipa gharama za kisanduku, za fundi na za mwezi, akazikosa taarifa za habari za nchi yake mwenyewe.