Dhahiri, Batini na Mabatini

Tosa kinyume, umpate mezani (mizani 2).

Ukisoma upesi utadhani mtu anaamriwa kutupa kitu ziwani. Siri imelala kwenye neno kinyume. Chukua tosa, geuza silabi zake, to-sa inakuwa sa-to. Sato, samaki, na mahali pake ni mezani kando ya ugali. Mkazi wa Mwanza hahitaji kamusi kupata jawabu hili. Kinachokosekana ni jina la mchezo wenyewe, pamoja na majina ya viungo vyake, na hilo ndilo nililokuitia, msomaji mlinzi mwenzangu wa lugha.

Magazetini mchezo wa kujaza mraba kwa maneno yanayokatana huitwa chemshabongo. Silipendi. Si kwa kuwa lina harufu ya mtaa. Mtaa umetupatia maneno mengi mazuri kuliko vikao. Silipendi kwa kuwa linaeleza yanayompata mchezaji kichwani, halielezi kilichoko mbele ya macho yake. Hesabu za darasa la nne ni chemshabongo, maswali ya redioni asubuhi ni chemshabongo, na kitendawili cha ukurasa wa watoto vilevile.

Wapo wanaosema maneno mtambuka. Kutambuka ni kuvuka, kupita juu ya kitu, na kweli maneno ya mrabani hupitana. Lakini neno hili limeshatekwa na warsha: masuala mtambuka, yaani jinsia, mazingira na UKIMWI, ya kuchomekwa katika kila mpango kazi. Nikisikia mtambuka nasikia posho. Wala tusione aibu kusitasita. Arthur Wynne alipochapisha mraba wake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913 aliuita neno-msalaba, na baada ya muda mfupi jina likapinduliwa likawa msalaba-neno.

Mimi nashika fumbo. Tunafumba macho, tunafumba mdomo, tunafumba kiganja. Fumbo ni kilichofumbwa. Na lugha yetu haikumwacha aliyefumbiwa bila mlango wa kutokea: fumba, fumbua. Tazama ukoo mzima. Tega, tegua. Tata, tatua. Fuma, fumua. Panga, pangua. Ile -u- inalirudia tendo na kulivunja kutoka ndani, na wanasarufi wakaiita kauli ya kutendua, jina ambalo lenyewe linatenda linachokisema. Basi mraba wa kawaida, ule unaouliza mji mkuu wa Zambia, uwe fumbo la mraba. Ule mwingine, wa ujanja, nitaurudia.

Anayetunga aitweje? Mtunzi ni pana mno. Hata wa taarabu ni mtunzi. Nampa jina la mtegaji, kwa sababu kitendawili hutegwa, na anayekifungua awe mteguzi, kama anayevumbua alivyo mvumbuzi. Najua kutegua ni pia kuteguka mguu, na mteguzi aliyeinama juu ya karatasi tangu asubuhi anaweza kuteguka shingo, kwa hiyo neno linajilipia. Nisichokubali ni kuliita swali lenyewe tego. Huku kwetu tego ni dawa anayowekewa mke wa mtu ili mgoni anaswe, na sitaki mteguzi afikirie hayo akiwa kwenye namba 7. Kidokezo kinatosha. Kudokeza ni kusema kidogo na kuacha kingi, na mtegaji hufanya hivyo hivyo.

Kwa upande wa mwisho tuna jibu, jawabu, suluhisho na ufumbuzi, na watu huyachanganya. Suluhisho limetoka kwenye suluhu. Ni la majirani waliogombania mpaka. Mrabani hakuna aliyegombana na mtu. Jibu linatosha kwa mwalimu anayeita mahudhurio. Ufumbuzi ni kazi yote ya kufumbua, na jawabu ni kile kinachoandikwa kwenye vijumba. Tuyaachie nafasi zake.

Pwani husema Kitendawili! na kujibiwa Tega! Kisukumani anayetega husema Kalagu! nao wasikilizaji humjibu Kize! Na kila aliyekulia kwenye vitendawili anajua kinachofuata watu wakishindwa: nipe mji. Unampa mji, anautembelea kwa maneno, akirudi anakupa jawabu. Hapa pana istilahi tunayoikanyaga kila siku bila kuiokota. Mteguzi aliyechoka akafunua ukurasa wa majawabu tuseme ametoa mji. “Namba 12 nimetoa mji.” Ni ungamo la heshima, halina aibu ya kuiba, kwa sababu mji umelipwa.

Sasa fumbo la ujanja. Waingereza walilikuza tangu miaka ya 1920, pale Edward Powys Mathers alipoanza kuwatesa wasomaji wa gazeti la Observer kwa jina la Torquemada, na ndani ya kila kidokezo waliweka sura mbili: ile inayosomeka na ile inayofanya kazi. Sisi jozi ya kuzitaja sura hizo tunayo tangu zamani. Kiarabu kilitupa dhahiri na batini. Dhahiri tuliishika, tunaitumia hadi mahakamani. Batini tuliwaachia washairi na masheikh. Mzizi wake ni tumbo, kwa hiyo batini ni kilicho tumboni, kisichoonekana na jirani. Naomba tuichukue tena: maana dhahiri ya kidokezo, maana batini ya kidokezo, na mchezo mzima uitwe fumbo batini.

Nakiri kwamba nina upendeleo. Naandika haya Mabatini, na wenye haraka watakwambia jina hilo ni mabati na ile -ni ya mahali, basi. Dhahiri yake ni hiyo. Lakini liandike polepole uone lililobeba tumboni: ma, halafu batini. Kwa hiyo: Nusu ya mama yaitangulia siri ya moyoni, chini ya mapaa ya Mwanza (mizani 4).

Kidokezo kama hicho kina vipande viwili, navyo vyataka majina. Kipande kinachotaja jawabu moja kwa moja (hapa ni mapaa ya Mwanza) nakiita fasili. Kingine, kinacholijenga jawabu kwa vijiti na kamba, wengi wangekiita mchezo wa maneno, nakiita hila. Utaniambia hila ina doa. Ndiyo, na doa hilo nalitaka. D. S. Macnutt, aliyetega kwa lakabu ya Ximenes na kuandika kitabu cha kanuni mwaka 1966, alitetea jambo moja kuliko yote: mteguzi adanganywe kwa haki. Hila ya haki, basi. Kiswahili kinayaweka maneno hayo mawili pamoja bila kusutana.

Hila ya kwanza ni kinyume, na hii hatukuiazima kwa mtu. Watoto wa pwani walikuwa na lugha yao ya kuchukua silabi ya mwisho na kuitia mwanzo ili wakubwa wasiwaelewe, na Edward Steere, kabla hajawa askofu Zanzibar, aliweka mifano yake mwishoni mwa kitabu chake cha lugha cha 1870. Nayo lugha hiyo iliitwa kinyume, jina lile lile. Mtegaji wa leo anarithi tu.

Ya pili naiita mkato. Furukuta, kuta zikianguka: wameadimika ziwani (mizani 2). Ondoa kuta, wanabaki furu, na dhahiri ya kidokezo inasikitika pamoja na batini yake, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Aliyewamaliza naye anategeka, safari hii kwa kuunga: Saa pungufu na wilaya ya Kagera: mgeni mla furu (mizani 3). Saa ikipungua ni sa; wilaya ni Ngara; mgeni aliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, na leo tunamuuza minofu. Muungo, basi, kwa hila ya kuunga. Dagaa anakuja kwa mkato na muungo kwa pamoja: Dada na gaagaa, kila mmoja nusu: karabai huwaita (mizani 3).

Ya tatu ni pacha, neno moja lenye mama wawili. Mtoto hulililia, mvuvi hulikeshea (mizani 2). Ziwa, bila shaka. Ninayoipenda zaidi lakini ni hii: Mti wa Ibrahimu, soko la Kirumba (mizani 3). Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka mialoni ya Mamre. Wachuuzi wa samaki hawana habari na Mamre. Kwao mwalo ni pale mitumbwi inapofika, na Mwaloni ni pale bei inapopangwa. Maneno mawili yasiyojuana yamevaa sauti moja, na ni fumbo pekee linaloweza kuyakutanisha bila kuleta mkanganyiko sokoni.

Hila ya kuvuruga herufi na kuzipanga upya nitaiita mpanguo na kupita, kwa kuwa nina neno na herufi zenyewe.

Umeona nimekuwa nikiandika mizani penye mabano, wala si herufi. Hapo ndipo ninapotaka tugombane kidogo. Fumbo la mraba tulilipokea likiwa na herufi moja katika kila kijumba, na Kiswahili kikakaa humo kama mtu mzima kwenye dawati la chekechea. Karibu kila neno linaishia na irabu, A zimejaa kila kona, na ng' haijui ikae kijumba kimoja au viwili au na ile ritifaa yake ipewe chumba. Wajapani hawakukubali mateso hayo. Mraba wao hujazwa kwa silabi. Nasi silabi ndiyo tunayoihesabu tangu mashairi yawepo, na Amri Abedi alipoandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 alikuwa anaandika yaliyokuwa vidoleni mwa watu. Kipimo kipo na jina lipo: mizani. Ma-ba-ti-ni, vijumba vinne. Mwa-nza, viwili. M-tu, viwili pia, na ile M peke yake ndani ya kijumba ni mtego mtamu, maana mteguzi ataiwinda irabu isiyokuwepo.

Vijumba vyeusi, vile vinavyokomesha neno, sijasikia vikiitwa chochote zaidi ya vyeusi. Viwe miamba. Anayeishi katika jiji hili hawezi kufikiri jina jingine: unaenda, unaenda, unakuta mwamba, unazunguka. Istilahi ikitoka Mwanza mara moja moja haitaiumiza Dar es Salaam.

Kuhusu uelekeo, baadhi ya miraba huandika KULIA na CHINI. Kulia ni upande, ni kutoa machozi, na ni kutumia mkono kwa chakula. “Kulia 5” yaweza kuwa msiba. Mlalo na wima zina adabu zaidi na hazina maana ya pembeni ya kumpoteza mtu kabla hata hajafika kwenye kidokezo.

Limebaki jina gumu. Majawabu ya vidokezo vyangu, kama umeyakusanya na ukiacha Mabatini, ni sato, furu, sangara, dagaa, ziwa, mwaloni: yamefungwa na jambo moja ambalo mtegaji hakulitangaza. Jambo hilo tuliite nini? Dhamira ni ya wahakiki wa fasihi, na tukisema maudhui Mkenya na Mtanzania wataelewa vitu viwili. Mada ni ya mikutano. Mimi napendekeza mtungo. Samaki waliopitishwa kamba ni mtungo, na kilichotungwa nacho ni mtungo. Ulipo uzi mmoja na vitu vingi, neno limefika. Najua vijana wamelipa mtaani maana ya kuogofya. Nimewaza kukimbilia utungo, nikakataa. Neno la wavuvi halitahama nyumba yake kwa sababu ya wahuni.

Na mtungo hubeba mizigo mizito kuliko samaki. Januari 2013 John Graham, mchungaji wa Kianglikana aliyetega katika gazeti la Guardian kwa lakabu ya Araucaria, aliwaarifu wateguzi wake kwamba ana saratani. Hakuwaandikia barua. Waliisoma habari hiyo ndani ya majawabu, moja baada ya jingine. Lakabu yake ni jina la mti, ya mwenzake Torquemada ni ya mtesaji wa Hispania. Mshairi wetu Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na sijui mtegaji gani wa dunia asingelionea wivu jina hilo.

Mwenye neno bora kuliko mtungo alilete. Wakati nasubiri, kalagu: Nusu ya busu, kisha mimi na wewe, tangu 2025 daraja latufikisha (mizani 3). Atakayeshindwa anipe mji, ila si ule ulioko ng'ambo ya Kigongo.