Jimu kila wiki lakini mwili haubadiliki? Hizi ndizo sababu

Mtu anaanza jimu Januari. Miezi mitatu ya kwanza uzito unapanda, shati linaanza kubana mabegani, washkaji wanauliza anakula nini. Inafika Juni, halafu Juni ya mwaka unaofuata, na bado yuko kwenye benchi lilelile, na kilo 50 zilezile, seti 3 za mara 10. Ada analipa, jasho linamtoka, ila mwili umegoma.

Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kuacha kabisa. Wengine huendelea miaka na miaka bila kujua walikwama wapi.

Kwa nini mwanzo huwa rahisi

Wiki za kwanza nguvu hupanda haraka, lakini si kwamba misuli imeshakua sana. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni ya mfumo wa fahamu: ubongo unajifunza kuamsha misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mgeni anaweza kuongeza kilo karibu kila wiki.

Misuli yenyewe hukua polepole. Kwa hiyo kasi kupungua baada ya miezi michache ni kawaida. Kusimama mwaka mzima ni habari nyingine.

Mwili hufuata mzigo

Misuli hubadilika pale inapodaiwa kazi kubwa kuliko iliyoizoea. Ikishaimudu kazi hiyo, haina sababu ya kuongezeka tena.

Jambo hili si geni. Kuna hadithi ya kale kuhusu Milo wa Croton, mwanamieleka wa Kigiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Inasemekana alikuwa akibeba ndama kila siku, na ndama alivyokua, nguvu za Milo nazo zikakua.

Miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alitumia njia hiyohiyo kwa askari waliojeruhiwa. Badala ya kuwapa uzito mwepesi na marudio mengi, aliwapa uzito wa kutosha, kisha akauongeza kadiri walivyopata nguvu.

Anayebeba kilo 50 mwaka mzima ni kama Milo aliyepewa ndama asiyekua.

Mtego wa "mara 10"

Utafiti mmoja uliofanyika Brazil uliwahusisha wanaume 160 waliokuwa na uzoefu wa mazoezi. Kila mmoja alitaja uzito anaoutumia kunyanyua mara 10 kwenye benchi. Kisha wakaambiwa wanyanyue uzito huohuo mpaka washindwe. Wastani ulikuwa mara 16.

Maana yake, wengi walikuwa wanaweka chuma chini wakati bado wana nguvu za kutosha. Walikuwa wanahesabu mpaka namba itimie, si mpaka misuli ichoke.

Mazoea mengine yanayokwamisha

• Kutoandika. Asiyekumbuka alinyanyua kilo ngapi wiki iliyopita hujikuta anachukua chuma kilekile, kwa sababu mkono umekizoea.

• Kufanya kinachopendeza tu. Kifua na mikono kila mara, miguu na mgongo "wiki ijayo".

• Simu na stori. Mapumziko ya dakika 2 yanageuka 8. Saa moja na nusu inaisha, kazi yenyewe ilikuwa dakika 20.

• Aibu. Kuongeza uzito kuna hatari ya kushindwa mbele za watu. Bora chuma kinachojulikana.

• Chakula na usingizi. Misuli hujengeka wakati wa kupumzika. Anayelala saa 5, akala chai na chapati mpaka jioni, hana cha kujengea. Mayai, maharage, dagaa na maziwa husaidia sana.

Jinsi ya kutoka hapo

Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kinashauri kuongeza uzito kwa asilimia 2 hadi 10 pale mtu anapoweza kuzidisha marudio aliyojipangia kwa mara moja au mbili. Kwa mtu wa kilo 50, hiyo ni kilo 1 hadi 5 tu.

Jimu nyingi za mtaani hazina vyuma vidogo, na nyingine zinatumia vya zege. Hapo mtu anaweza kuongeza marudio, kuongeza seti moja, au kushusha chuma taratibu. Hata uzito mwepesi hukuza misuli, mradi seti iishie karibu na kushindwa, yaani zibaki mara 1 hadi 3.

Daftari la shilingi mia chache au sehemu ya kuandika kwenye simu inatosha kuweka kumbukumbu: tarehe, uzito, marudio.

Ila kuongeza mzigo kusiharibu mkao. Mgongo ukianza kupinda, uzito umezidi. Maumivu ya kiungo, kifua kubana au kizunguzungu ni ishara ya kuacha na kumwona daktari. Anayeanza upya baada ya kukaa muda mrefu, au mwenye presha, apime kwanza.

Je, kubaki palepale ni kosa?

Hapana. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Kutunza nguvu ulizonazo kunahitaji kazi ndogo kuliko kuzijenga, na kuna faida, kwa sababu misuli hupungua taratibu umri unavyosonga.

Anayetaka kubaki alipo yuko sawa, na anaweza hata kupunguza siku akaokoa muda. Mwenye tatizo ni yule anayesubiri mabadiliko huku akinyanyua kile alichonyanyua mwaka jana.